Sarafu za Mama Chini ya Gereji

Hebu niambie wewe unayesoma: umewahi kuingia nyumbani kwa ndugu yako wa tumbo moja, ukaona mkoba unaondolewa mezani taratibu, huku mwenye mkoba anakuchekea na kukuuliza habari za safari?

Kama hujawahi, shukuru. Mimi nimeshaondolewa mikoba ya kila namna, ya ngozi, ya plastiki, ya kushonwa kwa mkono. Nina wajukuu wanaonipita kimo, magoti yangu yanalia nikiinuka, na bado nikiingia kwa dada yangu kabati linafungwa kwa ufunguo.

Kwa waliokosa ya nyuma, nitafupisha.

Mama yetu alikuwa fundi cherehani. Alizaa wasichana wawili tu, dada na mimi. Dada alitolewa shule mapema akae nyumbani akishona vifungo na kupiga pasi. Mimi nilikuwa kitindamimba, nikaachwa nisome. Mama alikuwa na sarafu za kale alizoachiwa na bibi yake. Nyingine zilikuwa na tundu katikati. Nyingine zilikuwa na kichwa cha mfalme ambaye pua yake ilishafutika kwa kushikwashikwa. Alizitunza kwenye kopo, nyuma ya meza ya cherehani.

Nilipomaliza shule ya msingi na kufaulu, mama aliniita peke yangu, akanionyesha. "Hizi ndizo shule yako," alisema. "Mnunuzi anakuja. Utakwenda bweni."

Kabla mnunuzi hajafika, kopo halikuonekana.

Mama hakuuliza mara mbili. Aliyeonyeshwa ni mimi, basi aliyechukua ni mimi, na ati nimempelekea mwanamume. Mwanamume gani, hata leo sijaonyeshwa. Kesho yake asubuhi nikapakiwa kwenda kwa shangazi, mbali, kuosha masufuria ya mkahawa wake. Masomo yangu yakaishia hapo. Mama alikufa bila kunirudishia neno zuri.

Wiki iliyopita niliishia pale nilipopata habari za kiwanja chetu. Nyumba ya mama iliuzwa zamani, ikabomolewa, pakawa gereji. Sasa gereji nayo imefungwa, na panajengwa ghorofa. Nikaishia pale nilipomkuta Masikio amepiga magoti kando ya stendi ya zamani, anachimba ardhi kwa mwiko wa mwashi.

Masikio si jina lake, ni jina tulilompa. Ni mtu mzima mwenye mvi za mbele, zamani alikuwa fundi redio. Siku hizi anatembea na mashine yenye fimbo ndefu, chini yake pana kitu kama sahani. Anapitisha ile sahani juu ya ardhi, na hedifoni zimemkaa kichwani kama vikombe viwili. Kukiwa na kitu cha madini chini, mashine inalia. Yeye anatafuta sarafu za kale tu. Hauzi. Anazisugua, anazitazama, anafurahi. Mkewe alishakata tamaa naye.

Nilimwambia habari za sarafu za mama. Macho yakamng'aa.

"Za tundu, Bibi?"

"Za tundu."

"Na zenye vichwa?"

"Na zenye vichwa."

"Tukizipata nichague moja tu. Moja, Bibi. Sitaki kingine."

Sikubishana naye. Mimi sarafu sikuzitaka. Dada yangu amelala kitandani, hainuki tena, na daktari ameshaacha kutuambia arudishwe lini. Nilitaka kitu kimoja tu: nimwekee zile sarafu mkononi kabla hajafumba macho, ajue mdogo wake si mwizi.

Maana siku zote niliamini mama alilihamisha kopo mwenyewe, akalichimbia, akasahau. Alikuwa na tabia hiyo. Aliwahi kuficha mkasi akaishia kununua mwingine, na ule wa kwanza tukaukuta ndani ya gunia la mchele.

Basi, turudi gerejini.

Jamani, uchafu wa pale! Mafundi walikaa hapo miaka na miaka na hawakuokota hata msumari. Udongo mweusi kwa oili. Vizibo vya soda, nati, waya, plagi zilizokufa, vipande vya bati, vishikio vya makopo.

"Bibi," Masikio alisema siku ile ya kwanza, "hawa walikuwa wanatengeneza magari au walikuwa wanapanda misumari wavune?"

"Wewe sikiliza. Maneno baadaye."

"Nasikiliza nini? Hii mashine inaguna kama mzee mwenye kikohozi. Kila nikipeleka hivi, guu. Nikirudisha, guu."

Alinivika hedifoni nisikie mwenyewe. Ni kweli. Alinifundisha: chuma kinaguna, shaba na fedha zinalia juu, laini, kama kijiko kwenye glasi. Tabu ni kwamba palipojaa misumari, mguno wa msumari mmoja unaweza kuufunika mlio wa sarafu iliyolala kando yake.

"Sasa tutafanyaje?" nikamuuliza.

"Naiambia mashine isisikie chuma kabisa. Ikikutana na chuma inyamaze. Tutasikia sarafu tu."

Akazungusha kitufe. Kimya kikaja. Nikamwona fundi kweli kweli.

Tukaanza palipokuwa chumba cha cherehani. Nilipakumbuka kwa mguu wa ukuta ambao haukung'olewa wote. Masikio alikwenda polepole, sahani ikifagia chini kwa chini, kwanza upande huu, kisha anakata kwa upande wa pili. Mimi nyuma na koleo dogo. Kila shimo tulilochimba tulilifukia, maana yeye husema anayeacha mashimo ndiye anayewaharibia wenzake.

Tulipata bomba la shaba, funguo, buli lililovunjika mdomo, washa za nati na boliti zisizo na idadi. Tulipata sarafu pia, lakini za juzi, zilizodondoka mifukoni mwa mafundi.

Siku zikapita. Tukamaliza chumba cha cherehani, tukaingia jikoni, tukaingia uani. Hakuna.

Nilianza kujisikia vibaya. Nikajiuliza, je, kama kweli liliibwa na mpita njia? Nitakuwa nimechimba kiwanja kizima kama panya buku, nikarudi kwa dada mikono mitupu.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia leo, tulimkuta msimamizi wa ujenzi getini, mtu mnene, kofia ngumu ya njano, sauti kama honi.

"Bibi, leo mwisho. Mchana linaingia lori la zege."

"Mchana wa saa ngapi, mwanangu?"

"Likifika ndiyo mchana."

"Niachie upande wa nyuma."

"Bibi, zege halijui nyuma wala mbele. Nimewavumilia vya kutosha. Vijana wangu wananicheka, wanasema nimefungua shamba la kuku, watu wanachakura tu."

Masikio akacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa juu ya tairi kuukuu. Machozi yakaanza kunitoka yenyewe, bila hata kulia.

Masikio akaja akachuchumaa mbele yangu, hedifoni zimemning'inia shingoni.

"Bibi, tufikirie. Mama alizifungaje zile sarafu? Kwenye kitambaa? Alizitunga kwenye uzi?"

"Zilikuwa kwenye kopo."

"Kopo?"

"Kopo la maziwa ya unga. Lina mfuniko wa kubana, mpaka uufungue kwa kijiko."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua.

"La plastiki?"

"Plastiki enzi zile ilitoka wapi? La bati."

Masikio alikaa chini. Alikaa kabisa, matako kwenye oili. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Bibi umeniua."

"Nimekuuaje tena?"

"Bati ni chuma! Sarafu zikiwa ndani ya bati, mashine inaona bati kwanza. Na mimi siku zote hizi nimeiambia ikiona chuma inyamaze! Tumelipita, Bibi. Pengine tumelikanyaga. Tumelipita juu, mashine imelisikia, ikanyamaza kama nilivyoituma!"

"Mbona hukuniuliza?"

"Ulisema sarafu! Kila siku sarafu za mama, sarafu za mama. Hujawahi kutaja kopo!"

"Wewe si ulisema unatafuta sarafu? Ningekutajia kopo ulifanyie nini?"

Tukatazamana. Kama si machungu yangu, ningecheka. Wazee wawili kwenye jalala la gereji, mmoja anajua mashine, mwingine anajua kopo, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

"Inuka," nikamwambia. "Ifungue masikio yote."

Alizungusha kitufe. Kelele zilizotoka humo hata mimi niliyekuwa pembeni nilizisikia. Uwanja mzima uliguna kwa pamoja.

"Sasa utajuaje kopo ni lipi na msumari ni upi?"

"Nitainyanyua sahani," alisema. "Msumari ukiuacha mbali kidogo, sauti inakufa. Kitu kikubwa kinaendelea kuita hata nikifika kiunoni."

Akatembea sahani ikiwa juu, usawa wa goti. Misumari ikanyamaza. Penye sauti tukachimba. Tukatoa mfuniko wa giaboksi. Tukatoa ndoo iliyooza kitako. Tukatoa pasi ya mkaa, na pasi ile naijua, dada aliungua nayo kifundo cha mkono. Lakini kopo hakuna.

Getini lori likapiga honi.

"Bibi!" msimamizi akaita. "Bibi, zege limefika!"

"Nakuja, mwanangu!"

"Huji! Kila siku nakuja, nakuja!"

Masikio alikuwa amesimama kwenye kona ya uani, karibu na mfereji wa zamani. Hapo palikuwa na jiwe pana la kufulia, bapa, tulilokuwa tukisugulia nguo tulipokuwa wadogo. Mafundi hawakuliondoa, walikuwa wakiegemeza jeki juu yake. Masikio alipitisha sahani kando ya jiwe, akanyanyua mpaka tumboni. Akanyanyua mpaka kifuani. Akanigeukia, akanivika hedifoni.

Niliusikia mlio mzito, mpana, haukatiki.

"Linatoka chini ya jiwe," alisema.

Msimamizi alifika akihema. "Sasa jiwe mnalitakia nini?"

"Tuazime mtaimbo."

"Mtaimbo! Na kikombe cha chai je?"

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nimeitwa mwizi tangu sijaota hata udevu mmoja wa uzee hapa kidevuni. Kilicho chini ya jiwe hili ndicho wanachosema nimeiba. Kama hakipo, mimina zege lako, nimimine na mimi humo humo."

Alinitazama. Akavua kofia, akajikuna. Kisha akawageukia vijana wake akapaza sauti: "Leteni mtaimbo! Na mmoja akazime lile lori, linatumaliza kwa moshi!"

Waliinua jiwe kwa upande wa mfereji. Chini yake kulikuwa na udongo wa mfinyanzi, wenye unyevu, harufu ya maji ya sabuni ya zamani, au ni pua yangu tu. Masikio akachimba kwa mwiko, taratibu kama anayepakua keki.

Lilikuwepo.

Kutu tupu. Lilimeguka kama mkate uliokauka. Ndani sarafu zilikuwa zimegandana, kijani kibichi, bonge moja. Masikio akalibanjua kidogo kwa kucha. Tundu likaonekana katikati.

Sijui nilipiga yowe au nilinyamaza. Nakumbuka tu msimamizi ameshika bega langu nisianguke.

"Kwa sheria," alianza kusema, "kilichomo ardhini ni cha mwenye kiwanja." Akanitazama usoni. "Lakini mimi nimeona kutu. Kutu tunatupa kila siku. Ondoeni kutu yenu, nina kazi."

Masikio alichagua sarafu yake, ndogo, ya tundu, akaitia mfukoni kama mtoto. Nyingine tukazitia kwenye beseni pamoja na vipande vya kopo, tukafunika kwa kitambaa.

"Niende na wewe, Bibi?"

"Acha. Hii safari ni ya peke yangu."

Njiani kote nilikumbatia lile beseni. Nitawaambia ukweli, maana nimeahidi kutowaficha: sikuwa nikimfikiria dada tu. Nilikuwa nikimfikiria binti yake. Nilitaka kuiona sura yake. Nilitaka aone haya mpaka akose pa kuweka mikono.

Binti wa dada ndiye aliyenifungulia. Ni mwalimu wa chekechea, mwanamke mzuri, hodari, anamwogesha mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Lakini alilelewa na hadithi ile ile.

"Karibu, mama mdogo. Mbona umejaa oili? Umetoka wapi?"

Na mkono wake, wallahi bila hata yeye kujua, ukauvuta mkoba kutoka mezani ukautia nyuma ya kiti.

Niliweka beseni mezani, mahali pale pale mkoba ulipokuwa. Nikafunua.

Alitazama. Akainama. Akagusa kwa kidole kimoja.

"Hizi ni..."

"Ndizo."

"Sarafu za bibi? Zilikuwa wapi?"

"Kwenye kiwanja. Ardhini. Zimelala huko siku zote ambazo mimi nalala kwenye majina yenu."

Alifunika mdomo. Kile nilichokitaka nilikipata: alikosa pa kuweka mikono. Aliishia kunishika miguu. Alipiga magoti sakafuni, mwanamke mzima.

"Nisamehe, mama mdogo. Nisamehe. Mimi niliambiwa tangu mdogo, sikujua. Kumbe bibi alizifukia mwenyewe akasahau! Maskini bibi! Na wewe maskini!"

Na unajua nini? Haikuwa tamu. Nilimwinua, nikamfuta machozi kwa ncha ya nguo yangu, nikamchafua na oili. Tukacheka kidogo kwa hilo.

"Twende kwa mama," alisema. "Twende sasa hivi. Akijua hili atapata nguvu."

Chumba cha dada kina dirisha moja, pazia la maua, kitanda, na ile cherehani ya mama kwenye kona, imefunikwa shuka. Dada alikuwa ameegemezwa mito. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, anaona vivuli tu. Mikono yake imekonda, lakini vidole ni vile vile vya kushona vifungo, havitulii, vinachezea ukingo wa blanketi.

"Nani huyo anayenuka gereji?" aliuliza.

"Mimi, dada."

"Kitinda." Hivyo ndivyo anavyoniita toka utotoni. "Umekuwa fundi magari sasa?"

"Mama," binti yake akaingilia, kwa furaha, "mama mdogo amezipata! Amezipata sarafu za bibi! Hakuiba mtu. Bibi alizifukia, akasahau!"

Vidole vya dada vilisimama.

Nilikaa kitandani pembeni yake. Nikachukua mkono wake, nikautia ndani ya beseni. Alipapasa. Alipapasa bonge la sarafu, akapita na ukingo wa kopo, kutu ikamwachia unga kwenye ncha za vidole. Midomo yake ilikuwa inachezacheza.

"Ni zenyewe, dada?"

"Ni zenyewe."

"Umeamini sasa?"

Mkono wake bado ulikuwa ndani ya beseni. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza kwa huruma tu:

"Mmeliinuaje lile jiwe, Kitinda? Si zito lile?"

Binti yake alikuwa bado anatabasamu. "Jiwe gani, mama?"

Nilirudisha nyuma maneno yangu yote tangu niingie mlangoni, moja moja. Nimesema kiwanja. Nimesema ardhini. Jiwe sikulitaja. Hakuna aliyelitaja.

Ningeweza kunyamaza. Nawaambieni, ningeweza. Binti alishapata maelezo yake: bibi alifukia, akasahau. Kila mtu angebaki msafi. Dada angekufa salama, nami ningetembea kichwa juu.

"Mwanangu," nikamwambia binti, "tuache kidogo mimi na mama yako."

"Siendi popote. Jiwe gani?"

"Mwache," dada akasema. "Mwache asikie. Nimechoka."

Nje kuna mtu alikuwa akisukuma mkokoteni, magurudumu yanalia. Tulingoja upite.

"Mama aliponionyesha kopo," nikasema, "mlango ulikuwa umefungwa. Wewe ulijuaje?"

"Nilikuwa nafagia ukumbini. Nilisikia zinamwagwa mezani. Nikajua."

"Ukazichukua."

"Nikazichukua."

"Mama!" Binti alishika ukuta.

"Nilichimba kwa kijiko cha mchuzi," dada aliendelea, kama hajamsikia. "Upande wa mfereji, mbichi pale, hapakuwa pagumu. Nilisema nitalirudisha. Nilikuwa nangoja shule ifunguliwe tu, nafasi yako apewe mwingine. Halafu kopo lionekane nyuma ya meza, mama afurahi, yaishe. Sikujua atasema mwanamume. Sikujua atakutoa kesho yake."

"Asubuhi ile ulinisuka nywele."

"Nilikusuka."

"Ukanifungia mzigo wangu."

"Nikakuwekea na vitafunwa."

"Na hukusema!"

"Mama alikuwa na mwiko mkononi, Kitinda. Nikaogopa. Nikasema nitasema jioni. Jioni ikapita. Ukija likizo, nikasema nitasema. Hukuja. Halafu nikaolewa, nikapata huyu, nikaogopa ataniona nani. Kila mwaka ilikuwa ngumu kuliko mwaka uliotangulia. Ukiingia hapa, huyu akificha mkoba, mimi ndani yangu nakatika. Nakatika, na nanyamaza."

Niliinuka. Beseni likapinduka, sarafu zikamwagika kwenye blanketi na sakafuni. Hakuna aliyeinama kuokota.

Nilitaka kupiga kelele lakini sauti ilitoka kama ya mtu anayezimia.

"Nimeosha masufuria ya watu mpaka kucha zikang'oka. Mama kafa hanitaki. Wajukuu zangu wananiuliza kwa nini bibi haalikwi. Haya yote, dada, kwa ajili ya nini? Ulizitaka sarafu?"

"Sikuzitaka."

"Uliitaka shule? Ulitaka uende wewe?"

"Hata kusoma nilishasahau."

"Basi ulinichukia."

"Nikuchukie wewe?"

"Sasa ulitaka nini? Niambie! Nimekaa kwenye jina hili maisha yangu yote, niambie leo ulitaka nini!"

Binti yake alikuwa akilia mlangoni kimya kimya. Dada alinyoosha mkono hewani, akinitafuta mahali ambapo sikuwapo tena. Mkono ukashuka polepole, ukatua juu ya sarafu.

"Ulikuwa unaimba," alisema. "Wiki nzima ile unaimba, unahesabu nguo zako, unaniuliza bweni kukoje, kana kwamba mimi niliwahi kufika huko. Na mimi nabaki na mama na vifungo. Kitanda chetu kilikuwa kimoja, Kitinda. Usiku nilikuwa nakusikia unavyohema."

Akavuta pumzi.

"Nilitaka usiende. Ubaki na mimi. Hicho tu ndicho nilichotaka."